Jeneza Lenye Miguu

Tabora, Jumamosi, Oktoba inakwisha. Jua limewaka tangu asubuhi. Mchana mawingu yalikuja, yakasimama juu ya Ntalikwa, kijijini kwetu, kana kwamba yana neno la kusema, kisha yakaondoka nalo. Vumbi liko mpaka kwenye meno. Nina kinyaa.

Nasema kinyaa, sisemi hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki zilizopita, na ilikuwa na faida zake, maana mtu mwenye hasira anapata nguvu za kufua na kusugua masufuria. Kinyaa hakikupi nguvu yoyote. Kimekaa hapa kooni na hakishuki kwa maji wala kwa chai.

Leo ilikuwa arobaini ya Baba. Nimerudi kwangu Gongoni, mjini, na ndoo yangu ya vyombo, nimeoga, bado nanuka moshi. Mwanga wa jioni bado upo dirishani. Ningeweza kulala, lakini nimekaa kuandika.

Wanaopita kwenye ukurasa huu kila Jumamosi wanajua wanachokifuata. Wanafuata video. Mtu wa mbali huko alipiga picha punje za mahindi, akazisogeza kidogo, akapiga tena, siku nzima, mpaka punje zikashuka kwenye gunzi zenyewe na kuandamana kuelekea mlangoni. Ndala mbili zilizopoteana gulioni zinatafutana. Kuna ile filamu fupi ya kiti ambacho hakuna mgeni anayekikalia, dakika chache tu, hakuna anayesema neno, na mwisho wake unakuta macho yamelowa na hujui kwa nini. Nilianza kuzikusanya nilipofungua duka langu la steshenari, kwenye zile saa za mchana ambapo hakuna mtu anayetaka kalamu wala kudurufu cheti.

Leo hakuna video.

Nyingi kati ya hizo nilikuwa naletewa na Deo, mtoto wa shangazi yangu. Deo yuko Dar es Salaam, anachora katuni za matangazo, sabuni inayoongea, kuku anayecheza muziki. Ana kipaji, na hilo ndilo linalonichefua zaidi kuliko mengine yote. Angekuwa mtu wa hovyo ningemfuta moyoni mara moja na kuendelea na maisha. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kutazama. Ndiye aliyewahi kunipigia simu asubuhi kabla sijapiga mswaki kuniambia nitazame kivuli cha ile ndala ya kushoto, jinsi kinavyosita.

Niseme kwanza habari za Bi Tatu, maana bila yeye hakuna kitakachoeleweka.

Bi Tatu ni Mzaramo wa Isevya. Mababu zake walipanda huku na misafara, wakaoa, wakajenga, wakabaki. Anashona magodoro ya sufi mpaka leo, na mito, na kama humjui unaweza kudhani ni mama mtulivu kwa jinsi anavyokaa na sindano yake kibarazani. Ni mtani wetu. Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani, Wazaramo waliwapokea huko, wakachekana njia nzima, na sisi wajukuu tumerithi kuchekana huko kama wengine wanavyorithi mashamba.

Baba alikuwa mkulima wa Ntalikwa na mrina asali. Mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta tangu alipoanguka kutoka kwenye mti wenye mzinga. Akija mjini na baiskeli yake lazima apitie Isevya, na hakuwahi kupiga hodi kwa Bi Tatu. Alikuwa akiingia huku akiuliza kama yule mla nazi bado hajafa. Bi Tatu naye, bila kuinua macho kwenye godoro, alikuwa akimjibu, "Mpagazi, umechelewa. Mzigo wako nimeshaupa punda, ana akili kukuzidi."

Nimekua nikiwasikia hivyo. Sikuwahi kusikia neno moja la adabu kati yao. Baba alipolazwa, Bi Tatu alikuja wodini na futi yake ya kushonea, akapima kitanda urefu na upana mbele ya wagonjwa wote, akamwambia asifanye ajizi, godoro lile lina mteja tayari. Baba alicheka mpaka muuguzi akaja kumkaripia. Siku ile alikunywa uji bakuli zima.

Siku ya mazishi Bi Tatu alifika Ntalikwa na hakumpa pole mtu yeyote. Aliingia chumbani kwa Baba moja kwa moja. Alipotoka alikuwa amevaa koti la Baba, lile la kijivu alilokuwa akilivaa hata kwenye jua la Oktoba kama hili, lenye harufu ya ugoro na moshi wa kurinia asali. Anaburuta mguu wa kushoto. Anakohoa kile kikohozi cha Baba cha kabla ya kuongea. Akasimama katikati ya waombolezaji, akawatazama mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyewaalika, na kwa nini wali ule umepikwa kama dawa ya mifugo.

Tulipofika makaburini, akalala chini, chali, ubavuni mwa kaburi, akaziba njia ya jeneza. Ulimi nje. "Huyu hapiti," akasema. "Pwani hajafika, mzigo hajautua, anakwenda kulala wapi huyu mvivu?" Wabebaji wakasimama na jeneza begani. Ilibidi Baba mdogo Fabiano, mdogo wake Baba, alete dumu la asali kumkomboa marehemu. Bi Tatu akaionja kwa kidole, akatema, akasema hiyo ni sukari guru, ndiyo maana nyuki wa Ntalikwa wamehama.

Hapo ndipo Mama alipocheka.

Mama alikuwa hajala wala hajalia tangu Baba akate roho. Tulikuwa tunamwogopea. Alikaa kama gogo, ukimwinua anainuka, ukimkalisha anakaa. Basi alicheka. Alicheka kwa sauti, mwili mzima, kanga ikamtoka kichwani, na kicheko kile kilipofika mwisho kikageuka kilio, na akalia kama mke anavyotakiwa kumlilia mume wake. Wanawake wakamshika. Bi Tatu akainuka polepole, akajipangusa udongo, na nilimwona akifuta uso wake kwa mkono wa koti la Baba. Kisha jeneza likashuka.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Sidhani kama kuna mganga au daktari ambaye angeweza kumfanyia Mama kile alichofanyiwa siku ile.

Deo alikuwepo. Baba ni mjomba wake, alikuja na basi akalia kuliko wengine. Na alikuwa anarekodi. Nilimwona na sikujali, kwa sababu siku hizi msiba bila simu hewani hakuna. Nilidhani anachukua kumbukumbu ya ukoo.

Haukupita muda, mteja mmoja akaingia dukani kwangu kudurufu kitambulisho. Huku mashine inapasha moto, akanigeuzia simu yake. "Dada, hii inakufaa kwa ule ukurasa wako, wewe si unapenda vikatuni."

Ilikuwa fupi sana. Bi Tatu amelala chali, ulimi nje, ila ulimi umerefushwa kwa kuchorwa mpaka umefika magotini. Jeneza la Baba limeota miguu. Miguu ya katuni, myembamba, yenye raba nyekundu. Linatazama kushoto, linatazama kulia, linaruka kutoka kwenye mabega ya wabebaji na kutimua mbio makaburini, huku mbuzi analia kwa nyuma. Kisha uso wa Mama anayecheka. Unarudiwa. Unarudiwa tena, kwa kasi zaidi, mdomo wazi, kanga ikidondoka na kupanda, ikidondoka na kupanda. Juu yake pameandikwa: Mjane Kapata Alichokuwa Anakisubiri.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu nimechoka kuubeba. Miguu ile ilipotokea, kabla akili haijapata muda wa kukumbuka ni jeneza la nani, nilicheka.

Ilichorwa vizuri. Jinsi jeneza lilivyosita kabla ya kuruka, kama mtu anayevuka barabara na kukumbuka amesahau kitu. Ule mkono niliujua. Ni mkono ule ule ulionifundisha kutazama kivuli cha ndala. Nikampa mteja karatasi yake, nikafunga duka.

Maoni ya watu niliyasoma yote. Sikupaswa, lakini niliyasoma. Watu wa mikoa ambayo sijawahi kufika walikuwa wanajadili kama Mama ndiye aliyemwekea Baba sumu. Wengine waliuliza yule bibi kichaa anauzwa kiasi gani. Kuna aliyesema hawa watu wa Tabora bado wako gizani, wanacheza na maiti. Mwingine, anayejiita mcha Mungu kwenye jina lenyewe, aliwaombea Mama na Bi Tatu wafe wakitoa ulimi. Na katikati ya hayo, vicheko. Safu kwa safu za vile viuso vidogo vya njano vinavyotoa machozi. Niliviangalia mpaka vikaanza kufanana na mende.

Nilimpigia Deo. Akapokea kwa furaha, akidhani nimempigia kumpongeza. Alianza kunitajia idadi ya walioitazama, nikamkatiza. Nikamuuliza kama anajua alichokifanya. Akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mate yanabadilika ladha.

"Konso, si ni utani tu? Mimi ni binamu. Na mjomba alikuwa mtani wangu pia. Nina haki."

Na kweli ana haki, ndiyo maana nilikata simu. Jibu limenijia baadaye, nikiwa jikoni, nikimenya vitunguu. Deo anaweza kumcheka Baba. Angelichora jeneza lile kwenye karatasi akaja nalo msibani, Baba mdogo angemfukuza na fimbo, Bi Tatu angemtukana kwa kukosea rangi ya raba, na sote tungepata nafuu. Lakini utani una wenyewe. Aliuchukua uliokuwa wetu akaugawa barabarani kwa watu ambao hawakumjua Baba, hawatakuja kuzikwa nasi, na sisi hatuna ruhusa ya kwenda kulala kwenye makaburi yao. Walipewa kicheko bila kupewa msiba.

Nilimwandikia hayo. Alijibu kwamba nimemwonea, kwamba ile aliichora kwa mapenzi, huku analia, na yale maneno ya juu kuhusu mjane hayakuwa yake, yaliongezwa na ukurasa mwingine ulioichukua. Namwamini. Ndiyo maana nasema ni kinyaa. Hakuna hata mtu mmoja wa kumchukia ipasavyo. Deo aliifuta kwake siku ile ile, na haikusaidia kitu, kwa sababu ilikuwa imeshazaa.

Ningeweza kuishi na hayo. Kilichofuata ndicho ambacho siwezi.

Video ilifika kwa watoto wa Bi Tatu walioko Dar. Ilifika kwa wanawake anaoswali nao. Ilifika kwenye kundi la ukoo wetu, na Baba mdogo Fabiano, ambaye simu yake aliinunua juzi juzi na bado anaisoma kwa kuisogeza mbali, aliyasoma maoni yale moja baada ya jingine na akaona aibu. Aliona kama ukoo mzima umevuliwa nguo. Basi mzee mzima, Mnyamwezi wa Ntalikwa, aliyelipa yeye mwenyewe dumu la asali pale kaburini, akavaa viatu, akaenda Isevya, akapiga hodi, na kumwomba Bi Tatu aombe radhi.

Sijui kama asiye wa huku anaelewa uzito wake. Mtani haombi radhi. Hakuna kitu hicho. Mtani akikutukana unamtukana, akichukua kitu chako unakikomboa, akizidi unazidi. Siku akikuomba msamaha maana yake alikuwa anakutukana kweli miaka yote hiyo. Baba mdogo anajua hayo kuliko mimi. Maoni ya watu asiowajua yalimsahaulisha.

Na Bi Tatu akaomba.

Mwanawe alipanda kutoka Dar kumrekodi. Video hiyo nayo nimeiona, mteja mwingine aliniletea. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake kuna shuka jeupe limetundikwa kuficha magodoro. Amevaa hijabu nyeusi. Mikono iko magotini. Anasema yeye Tatu anaomba radhi kwa familia ya marehemu, kwa Wakristo wote, kwa Waislamu wote na kwa Watanzania kwa ujumla kwa kitendo kile kisicho cha kiungwana. Anasema hakikukusudiwa. Sauti yake sikuitambua. Ni mwanamke anayeweza kukutukana kuanzia hapa mpaka stesheni bila kurudia neno, na alikuwa anasoma polepole maneno ya mtu mwingine.

Hiyo nayo waliichorea ulimi.

Siku chache baadaye alimtuma mtu kwa Mama na mfuko. Ndani mlikuwa na koti la Baba. Mtani akichukua koti la marehemu halirudishi. Unalifuata, unabembeleza, unalipa kuku, anakwambia kuku huyo ana kifua kikuu, inakwenda hivyo hata mwaka. Mama alikuwa ameshamtenga kuku. Koti lilirudi limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kama la dukani, na vifungo viwili vilivyokuwa vimekatika tangu zamani vimeshonwa kwa uzi wa rangi ile ile.

Mama aliliweka usoni akavuta pumzi. Akavuta tena. Halikuwa na ugoro wala moshi. Lilinuka sabuni ya unga. Alilirudisha mfukoni na kwenda kulisha kuku.

Basi leo ndiyo ilikuwa arobaini. Kwetu moto wa msiba unawashwa uani siku ya kifo, na siku ya kumaliza, majivu yake huzolewa na mtani. Anayazoa huku akitusema, anatupaka usoni, anatumwagia kichwani, tunakimbizana uani watu wazima na akili zetu, wajane wanakimbia, wazee wanakimbia. Ukishaoga majivu hayo msiba umekwisha. Ndivyo tulivyomalizia kwa Babu na kwa Bibi. Nilikuwa na wasiwasi wiki nzima kwamba Bi Tatu hatakuja.

Alikuja.

Alifika kabla misa haijaanza, akavua viatu mlangoni, akapiga hodi. Nilikuwa natoka na karai la wali nikasimama. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Hamjambo? Poleni sana na msiba."

Poleni sana na msiba. Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Maneno mazuri kabisa, kila mgeni aliyasema, na yeye alipoyasema nilihisi kama Baba amekufa upya, safari hii peke yake.

Alikaa na wanawake kwenye mkeka, mkono shavuni. Alikula kidogo. Alisifu wali. Baba mdogo Fabiano alikuwa akimpita mbali, anajifanya anahesabu viti. Misa ilipokwisha na watu walipokula, Mama akamletea fagio na beseni. Sote tulikuwa tunajua ni wakati gani. Bi Tatu akainama kwenye jiko la msiba. Akayazoa majivu taratibu, akifagia kuelekea kwake ili vumbi lisitufikie. Alipomaliza akasimama na beseni kiunoni, akamtazama Mama.

"Nimwage wapi, dada?"

Nilimwangalia Mama na uso wake ulikuwa umerudi kule kule, kama gogo. Nikajua kwamba asipotukanwa sasa hivi tutatawanyika na msiba wetu kama tulivyokuja nao.

Mimi si mtu wa maneno ya uani. Naandika, siongei. Lakini utani ni wa pande mbili, na mpagazi amekufa, nani mwingine wa kumjibu. Nikaweka karai chini. Nikasema kwa sauti, mbele ya padre, kwamba huyu mla nazi amefagia kama anatafuta nazi alizoficha humo, na kama magodoro yake anayashona anavyofagia ndiyo maana wateja wake wote wana vibiongo.

Kisha shangazi mmoja akaguna.

Na nikaiona. Naapa niliiona. Kona ya mdomo wa Bi Tatu ilicheza. Macho yake yakawaka kama zamani, akalipandisha beseni begani, akavuta pumzi ndefu, na mguu wa kushoto, wa kushoto hasa, ukaanza kuburutika. Alikuwa anakuja. Mama aliinua kichwa.

Kisha macho ya Bi Tatu yakatoka kwangu. Yakaenda kwenye mikono ya watu. Alikuwa anaipitia, mkono mmoja baada ya mwingine, sahani, sahani, mtoto, kikombe, sahani. Nikamfuata kwa macho na tukafika pamoja kwa Neema, dada yake Deo, aliyesimama karibu na mlango wa jiko, simu ameishika kifuani, jicho jeusi la kamera linatutazama.

Bi Tatu akalishusha beseni.

"Asante, mwanangu," akaniambia. "Mungu awatie nguvu."

Akaliweka chini mbele ya Mama kwa mikono miwili, akanawa, akaaga kila mtu kwa jina, akaondoka na bodaboda.

Nilipomfuata Neema alikuwa analia. Alisema Deo ndiye aliyemwomba. Deo anataka kutengeneza filamu fupi, nzito, ya kueleza utani wetu vizuri kwa walimwengu, kusafisha jina la Bi Tatu. Alihitaji picha za arobaini. Alimwambia asionekane, ili mambo yaende kwa uasilia.

Kwa uasilia.

Sikumpiga. Hata kumtukana sikumtukana, na ni mtani wangu, ningeweza. Nilimwambia aizime, akaizima, tukaosha vyombo pamoja. Nadhani filamu ya Deo ingekuwa nzuri. Nadhani ingelitendea haki lile koti, na ule mguu, na labda watu wangelia. Ningeiweka hapa Jumamosi moja nikaandika maneno mazuri juu yake. Nikifikiria hivyo kile kitu kooni kinapanda.

Ukurasa huu siufungi. Nitaendelea kuweka punje za mahindi na ndala na viti, kwa sababu punje hazina mama wa kurudiwa akicheka. Watu sitawaweka tena, hata wakinichekesha namna gani, mpaka nijue waliocheka nao walikuwa akina nani. Najua ni uamuzi mdogo. Hautamrudisha mtu yeyote alipokuwa.

Beseni la majivu Mama amekataa limwagwe. Liko chini ya kitanda chake Ntalikwa, limefunikwa na kanga. Kabla sijaondoka nilimkuta uani amechuchumaa, koti la Baba liko mapajani, anachota majivu ya beseni lile kwa kiganja na kulisugua nayo, mabegani, mikononi, kwenye kola, mpaka ile pasi nzuri ikapotea. Amekata vile vifungo viwili kwa meno. Akaniambia kesho baada ya misa nije nimchukue, na kuku nimbebe mimi.

Kwa hiyo kesho tunakwenda Isevya, Mama, mimi, koti chafu, majivu na kuku. Hodi hatutapiga. Simu zangu zitabaki hapa mezani, zote mbili, zimezimwa. Nimeshayapanga na matusi yangu, mengine ni ya Baba mwenyewe.

Ninachokiogopa ni kimoja tu, kwamba atainuka kwenye godoro lake, atatutandikia mkeka, na kutukaribisha kwa adabu.